Mjomba, haya si ya kutia kwenye jiko la mchina

Mjomba wangu wa Mikindani alinipigia simu msimu wa korosho umeshaanza, magunia yanaingia maghalani, akaniambia mpwa wangu wewe si unashinda uwanja wa ndege na mafuta ya taa mnayo mengi tu, basi nifungie hata kidumu cha lita tano nije nikichukue Jumamosi, mana huku bei imepanda na dukani kwenyewe unaweza kwenda mara tatu ukaambiwa yameisha. Nikamwambia shikamoo kwanza mjomba, akaitikia marahaba, afu nikamwambia hayo mafuta siwezi kukupa hata kijiko. Akanyamaza. Ndo nikajua nimemuudhi, na kwetu huku ukimuudhi mjomba umeudhi ukoo mzima.

Naandika hii kwa ajili yake na kwa ajili ya wote wanaoniuliza swali lilelile pale kijiweni Chikongola, hapa Mtwara ninapojaza ndege mafuta, kwamba eti mafuta ya ndege ni mafuta ya taa tu jamani.

Mjomba hajakosea, hilo niliseme mapema kabisa. Jet A-1, ambayo ndo mafuta ya ndege tunayoyatumia hapa kwetu, na mafuta ya taa ya kibatari ni watoto wa tumbo moja. Hata meli ikija nchini mzigo huwa ni mmoja, unaagizwa kwa pamoja chini ya ule utaratibu wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na PBPA, ule wakala wa serikali, unakuja kwa kiwango cha Jet A-1 afu ukishafika ndo sehemu inaenda kwenye ndege na sehemu inaenda kwenye vituo kama mafuta ya taa. Na kuhusu bei mjomba akumbuke ile kelele ya uchakachuaji, watu walikua wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu ya taa yalikua na kodi ndogo, mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi yake ili mchezo usilipe, mchezo ukapungua kweli lakini na mama ntilie na mzee wa Mikindani wakaumia humohumo.

Sasa kama ni ndugu, kwanini sitoi kidumu? Na kwanini pia siwezi kwenda kituo cha mafuta nikanunua ya taa nikatia kwenye ndege siku tukiishiwa? Jibu la hapo ndo kazi yangu nzima.

Kwanza nitaje aina zenyewe, nisikae sana hapo. Jet A-1 haitakiwi kuganda mpaka baridi ifike nyuzi 47 chini ya sifuri, na mvuke wake hautakiwi kushika moto chini ya nyuzi 38, ndo maana ni mafuta ya kistaarabu ukilinganisha na petroli. Wamarekani kwa safari zao za ndani wanatumia Jet A, yenyewe kikomo chake cha kuganda ni nyuzi 40 chini ya sifuri. Warusi wana yao inaitwa TS-1. Kule kwenye baridi kali kama Alaska na kaskazini ya Kanada kuna Jet B ambayo ni nyepesi zaidi, ina asili ya petroli ndani yake, inawaka haraka na kuishika inataka uangalifu mkubwa. Jeshi la Marekani wana JP-8, ambayo ni kama Jet A-1 iliyoongezewa dawa, mojawapo ni ya kuzuia barafu. Afu kuna Avgas, petroli ya ndege ndogo, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Watu wengi wakiona ndege ya pangaboi wanasema hiyo si jeti kwahiyo haitumii mafuta ya jeti. Hapana. ATR inayotua hapa Mtwara ni pangaboi lakini nyuma ya lile panga kuna tabaini, injini ya aina ya jeti inayolizungusha, inakunywa Jet A-1 kama Boeing. Helikopta zile zilizokua zinapeleka watu baharini enzi za kuchimba visima vya gesi, nazo Jet A-1. Cessna Caravan, injini moja, panga moja, Jet A-1. Lakini Cessna 206, nayo injini moja panga moja, kwa mbali unaweza sema ni mdogo wake Caravan, yenyewe ina pistoni kama gari na inataka Avgas, ile ya rangi ya bluu yenye madini ya risasi ndani.

Siku moja tulikua na kijana mgeni kazini, mwepesi, ana moyo wa kazi, kimetua kindege kidogo cha watu wa utalii yeye kaona kinafanana na kile cha wiki iliyopita, kashavuta mpira huyooo mpaka kwenye bawa, kapanda ngazi, kafungua kifuniko. Mdomo wa pampu ukagoma kuingia. Anausukuma, unagoma. Akaniita, "bro mbona tundu dogo?" Nilikimbia mpaka kofia ikaanguka. Ule mdomo wa Jet A-1 umetengenezwa mpana makusudi kama mdomo wa bata, na tundu la tenki la ndege ya pistoni limetengenezwa dogo makusudi, wasioane. Mana angelitia Jet A-1 mle, injini ingewaka vizuri tu kwa Avgas iliyobaki kwenye mabomba, rubani angetembea mpaka mwisho wa njia ya kurukia, angeruka, afu huko juu ndo mafuta mapya yangefika kwenye injini na injini ingeanza kugonga na kupasuka ndani kwa ndani. Si uwanjani, ni juu, futi mia kadhaa, na chini yako mikorosho. Watu wameshakufa hivyo sehemu mbalimbali duniani. Kwahiyo yale maandishi kwenye boza, ile stika nyeusi ya Jet A-1 na ile nyekundu ya Avgas, si pambo. Tangu siku ile kabla sijagusa kifuniko namuuliza rubani kwa mdomo, aina gani na lita ngapi, na asaini, hata kama tunajuana tangu mwaka juzi.

Haya, tuje kwenye safari ya mafuta yenyewe.

Watu wa Mtwara wananiambia, we si meli za mafuta zinashusha hapahapa bandarini kwetu siku hizi, sasa shida iko wapi? Ni kweli zinashusha, lakini petroli na dizeli. Ukisoma yale matangazo ya bei ya EWURA, wadhibiti wa mafuta, ya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, miezi mingi sana utakuta wamesema hakuna shehena ya mafuta ya taa iliyopokelewa Tanga wala Mtwara, wafanyabiashara wakachukue Dar. Mafuta ya taa na Jet A-1 ni mzigo mmoja, kwahiyo ya ndege nayo ndo hivyohivyo. Yanashuka Dar, yanakaa kwenye matenki makubwa, yanapimwa, yanapewa karatasi zake, afu yanapanda lori kuja kusini zaidi ya kilomita 550, Mkuranga, Ikwiriri, daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, Lindi, unakata Mnazi Mmoja pale Mingoyo ndo unaingia Mtwara. Sababu ya kuwa hivyo naielewa, mana ndege zetu ni chache kwa siku na meli haiwezi kuja kushusha mzigo wa kulala kwenye tenki miezi na miezi. Ila inauma, mana njia ya kurukia imeshajengwa upya na kurefushwa mpaka mita 2,800, uwanja mzuri kabisa, lakini mafuta yake bado yanakuja kwa tairi.

Na lori lenyewe si lori lolote. Likibeba Jet A-1 linatakiwa libebe hiyohiyo, mana tenki lililobeba dizeli jana lina masalia kwenye kuta, na masalia mengine yana tabia kama ya sabuni, yakiingia kwenye filta zetu zile za kutenganisha maji filta inakua kama imelewa, maji yanapita na yenyewe ipo tu. Hata ndoo ya kuchukulia sampo si ya bati lenye zinki, wala koki isiwe ya shaba, mana shaba na zinki zinaharibu haya mafuta taratibu. Tunatumia ndoo nyeupe ya enameli ama ya chuma cha pua.

Lori likifika tunaliacha litulie kwanza angalau dakika kumi. Dereva hapo anataka akaoge akale pweza alale, tanboi kashatandika mkeka kivulini, mi nawaambia jamani subirini, maji yakivurugwa njiani yanakua vumbivumbi ndani ya mafuta huyaoni, yakitulia ndo yanazama chini. Nakagua sili namba kwa namba na karatasi. Nafunga waya wa athi, mana mafuta yakitembea kwenye mpira yanazaa umeme na cheche moja tu inatosha. Afu nafungua koki ya chini ya kila chumba cha tenki, nakinga kwenye chupa ya kioo.

Hapa ndo napenda. Unaishika chupa juu uone mwanga wa jua kupitia humo. Jet A-1 nzuri haina rangi, ama ina unjano mdogo kama maji ya madafu yaliyokaa, na inang'aa. Unaizungusha mkononi mpaka katikati inafanya kimbunga kidogo, unaacha, kama kuna uchafu ama maji vyote vinakusanyika pale chini katikati ya mkia wa kile kimbunga. Tone la maji ndani ya mafuta linakua duara kama ushanga, linakimbia huku na huku kwenye kitako cha chupa. Mara ya kwanza kuliona nilidhani ni kioo kimevunjika. Afu yale maji ambayo jicho haliyaoni unachukua sindano, unafunga kidonge chenye karatasi ya njano mbele yake, unavuta mililita 5, karatasi ikibaki njano uko salama, ikianza kugeuka kijani huo mzigo una kesi.

Afu unapima densiti, yaani uzito wa mafuta kwa ujazo wake, kwa kipimo cha kuelea kinaitwa haidromita, unarekebisha iwe kama ya nyuzi 15, unalinganisha na ya kwenye karatasi ya Dar. Zikipishana zaidi ya kilo 3 kwa mita moja ya ujazo, simama hapohapo, mana kuna kitu kingine kimeingia njiani. Densiti hiyohiyo ndo inayoondoa ugomvi wa lita, mana mafuta yanavimba kwa joto, lori la lita 40,000 likipakia alfajiri ya baridi na kufika hapa mchana limepata nyuzi kumi zaidi, linaweza kuonyesha zaidi ya lita 300 za ziada ambazo hazipo. Wengine wamegombana kwa hilo mpaka wakaitana wezi, na kumbe ni jua tu.

Sasa nisimulie lile la Aprili.

Mvua zile za masika zenyewe, lori limefika jioni, chumba cha kwanza safi, cha pili safi, cha tatu nakinga naona ushanga. Mmoja, miwili, afu chini kukawa na maji kabisa kama kidole. Nikapanda juu kuangalia kifuniko, mpira wake wa kuzibia umekatika upande mmoja, mvua imeingia tangu huko nyuma. Tukamwaga kidogo, tukasubiri, tukakinga tena, kidonge kikageuka kijani. Tukarudia mara tatu, kijani. Nikapiga simu kwa wakubwa zangu wa wakati ule, nikaambiwa wewe mwaga mpaka yaishe afu ingiza, ndege ya kesho inahitaji mafuta usituletee hasara. Nikasema hapana, sisaini. Nilitetemeka wakati nasema, sifichi, nina watoto wawili na kibarua chenyewe hakikua na mkataba wa maana. Nikaambiwa utajibu. Nikasema nitajibu.

Ndege ya kesho yake ikabidi itoke Dar na mafuta ya kwenda na kurudi. Na ndege ikibeba mafuta mengi kuna kitu lazima kishuke, yakashuka mabegi. Abiria wametua Mtwara hawana mizigo, mama mmoja alikua na nguo za harusi ya binti yake kwenye hilo begi na harusi ilikua usiku uleule, alilia pale mlangoni mbele yangu, na mtu akamwonyesha mimi kwa kidole kwamba ni yule pale aliyekataa mafuta. Sikuwa na la kumwambia. Nilimwambia pole mama. Begi lilifika siku ya pili.

Lile lori lilirudishwa, na mpaka leo ukiniuliza nitakataa tena.

Mana mimi nimesoma habari za maji. Tarehe 17 Januari 2008 Boeing 777 ya British Airways ilitoka Beijing inakaribia kutua London, maji kidogo tu ya kawaida yaliyomo ndani ya mafuta, ambayo wala hayakuvuka kiwango, yaligeuka barafu kwenye safari ndefu ya baridi, ile barafu ikaja ikaziba mafuta yasifike kwenye injini, zote mbili zikakosa nguvu, ndege ikaanguka kabla haijaifikia njia. Watu 152, wote walipona, Mungu mkubwa. Sasa kama maji yaliyo ndani ya kiwango yalifanya vile, haya ya kidole kizima je?

Na lile la Surabaya, Indonesia, ndo linalonikaa zaidi kwa sababu ni mji wa pwani kama sisi. Tarehe 13 Aprili 2010, Airbus A330 ya Cathay Pacific inaenda Hong Kong. Pale uwanjani walikua wanaongeza mabomba ya mafuta ya chini ya ardhi, maji ya chumvi yakaingia. Filta za gari la kujazia zilikua na unga fulani wa kunyonya maji, chumvi ikauvuruga, ukatoka kama vijipunje vidogo vya duara vikaingia kwenye mafuta na kwenye ndege, vikakwamisha vidhibiti vya injini. Wakifika Hong Kong injini moja haipandi na nyingine haishuki. Rubani alitua na spidi ya zaidi ya kilomita 420 kwa saa, tairi kadhaa zikaisha upepo, watu zaidi ya 50 wakaumia wakati wa kushuka kwa dharura. Hakufa mtu. Chumvi tu hiyo, ndugu zangu, chumvi tunayoilamba midomoni kila upepo ukitoka Shangani.

Hewa yetu hapa ni ya maji, usiku tenki likipoa ule unyevu unatoa jasho ndani, asubuhi lipo chini. Na joto letu linapendwa na kuvu, kuna kuvu kabisa linaloishi pale mafuta na maji yanapokutana, linafanya utelezi mweusi, linakula mafuta na kuziba filta. Kwahiyo kila asubuhi kabla ya kazi nakinga sampo chini ya tenki, jua halijachomoza sawasawa, iwe kuna ndege ama hakuna, iwe Idi ama Krismasi. Tenki lenyewe limejengwa kwa mteremko ili maji yakusanyike sehemu moja, na bomba la kunyonya linaelea juu, linachota mafuta ya juu ambayo ndo safi.

Mafuta ya kituoni hayapitii haya, na hayahitaji. Kibatari kikiingia maji kinapigapiga, unakikung'uta, unawasha tena. Ndo nilivyomwambia mjomba alipokuja. Nikamwambia pia kwamba kila lita iliyomo mle ina hesabu, hata ile ya sampo inarudi kwenye chombo chake na inaandikwa, nikikupa kidumu daftari litasema lita tano zimepotea na kesho atakayekuja kuangalia hatajua zimeenda kwenye jiko lako ama zimevuja. Nilimnunulia lita tano kituoni, kwa hela yangu. Akapokea, akasema basi mpwa wangu, ila bado alikua na neno.

Neno lake lilikuja kuisha Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita. Mnakumbuka, maji yalikata barabara kule Somanga, mabasi yamekwama, malori yamepanga foleni, Lindi na Mtwara tukawa kama kisiwa. Mjomba alikua na mgonjwa wa kupeleka Dar, mkewe, na ndege ndo ilikua njia iliyobaki. Lori letu lilikua ng'ambo ya pili ya maji. Kila asubuhi nachovya kijiti cha kupimia, nasoma, nawapigia Dar, nawaambia bado bebeni ya kurudia. Mjomba akawa ananipigia kila siku kuuliza kijiti kimesema ngapi, yeye mwenyewe, mtu wa kibatari. Siku ya safari alisimama nje ya uzio akanisubiri nitoke, akaniuliza, "Umeyaangalia?" Nikamwambia nimeyaangalia mjomba. Akashika mkono wa mkewe wakaingia ndani.

Barabara ilipofunguliwa dereva yuleyule wa siku zote alifika amechafuka matope mpaka kwenye nyusi, tanboi hana hata sauti. Nikawapa maji ya kunywa, nikakagua sili, nikafunga athi, tukakaa zile dakika kumi kivulini bila kusema. Chumba cha kwanza kinang'aa. Cha pili kinang'aa. Cha tatu nilikizungusha mara mbili, nikavuta sindano, nikashika kidonge juani. Njano. Nikapiga simu Dar nikawaambia kesho wasibebe ya kurudia.